Sauti Inapogeuka Mwendo: Vitenzi vya Kasi vya Kiingereza na Namna ya Kuvitafsiri kwa Kiswahili

0. Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri tulipewa sentensi hii fupi ya Kiingereza tuipeleke katika Kiswahili:

(1) The motorbike roared past the school gate.

Hakuna neno gumu ndani yake. Kila mmoja wetu alijua pikipiki ni nini na lango la shule ni nini, na wengi walikumbuka kwamba 'roar' ni kunguruma, kama simba. Hata hivyo, karatasi zilipokusanywa, majibu yalikuwa ya aina tatu. Kundi la kwanza liliandika: 'Pikipiki ilinguruma mbele ya lango la shule.' Kundi la pili liliandika: 'Pikipiki ilipita kwa kasi mbele ya lango la shule.' Kundi la tatu, nalo lilikuwa dogo kabisa, liliandika: 'Pikipiki ilipita mbele ya lango la shule ikinguruma.'

Kundi la kwanza limeiacha pikipiki imesimama langoni, injini ikiwaka. Kundi la pili limeipitisha, lakini limeinyamazisha. Kundi la tatu peke yake limetupa mambo yote mawili, yaani mwendo na sauti. Baada ya masahihisho, mwenzetu mmoja wa kundi la kwanza alijitetea kwa kusema kwamba kamusi imempa neno 'kunguruma' basi, na kama neno hilo halionyeshi mwendo, ni kwa sababu Kiswahili ni lugha maskini kwa mambo ya namna hiyo. Wengi walitikisa kichwa kukubali.

Makala hii inajibu utetezi huo. Tutaangalia kwanza vitenzi vya Kiingereza vinavyotaja kasi bila sauti, kisha vile vilivyozaliwa na sauti yenyewe. Baadaye tutaeleza kanuni inayoruhusu sauti kugeuka mwendo katika Kiingereza, na mwisho tutaonyesha vyombo ambavyo Kiswahili kinavyo kwa kazi hiyohiyo. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba lugha hizi mbili zimegawa kazi kwa njia tofauti, na asiyejua mgawo huo atakosea akitoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na atakosea tena akirudi.

1. Kasi bila sauti

Mwanafunzi akifungua kamusi ndogo kutafuta 'rush', 'dash', 'dart', 'bolt', 'tear' au 'hurtle', atapata jibu linalofanana kila mara: kwenda mbio, kwenda kwa kasi. Kwa msemaji wa Kiingereza, maneno haya hayabadilishani nafasi ovyo.

'Dash' ni mbio fupi ya mtu mwenye haja, kama anayekatiza mvua kutoka garini mpaka barazani. 'Dart' ni mwendo mwepesi wa ghafla, unaoweza kugeuka upande wowote: mjusi ukutani, samaki majini, hata macho ya mtu mwenye wasiwasi. 'Bolt' ni kutoka mbio kwa kushtuka, kama farasi aliyesikia mlio wa bunduki. 'Scurry' ni mwendo wa hatua fupifupi nyingi, nao unamfaa panya kuliko tembo. 'Hurtle' hutumika kwa kitu kizito ambacho hakizuiliki tena, mfano lori lililokatika breki likiteremka mlima. 'Tear' ni mbio za asiyejali kilicho mbele yake. 'Streak' huacha machoni mstari, kama kimondo usiku.

Tukichunguza asili ya maneno haya tunaona jambo la kufurahisha. 'Dart' ilikuwa, na bado ni, jina la mkuki mdogo wa kurushwa. 'Bolt' lilikuwa jina la mshale mfupi mnene. 'Shoot', ambayo pia hutaja mwendo wa ghafla, ni kitenzi cha kurusha mshale na baadaye risasi. 'Dash' zamani ilimaanisha kupiga kwa nguvu, 'hurtle' ilimaanisha kugongana, na 'tear' ni kuchana. Maana ya kasi, basi, imetoka katika silaha, pigo na mpasuko.

Je, Kiswahili hakijui njia hiyo? Kinaijua vizuri. Mtu 'anachomoka' chumbani, na neno hilo ni ndugu wa 'chomoa', yaani kutoa kisu alani. Mtu 'anafyatuka' kama mtego. Aliyeshtushwa 'anakurupuka', na hapo tumekaribia sana 'bolt'. Anayekimbia bila kuangalia nyuma 'anachanja mbuga', na kuchanja ni kupasua, kama tunavyochanja kuni. Waingereza wanaosema 'tear across the field' na Waswahili wanaosema 'kuchanja mbuga' hawakuigana. Kila upande umeona kwa macho yake kwamba mkimbiaji hodari hupasua kilicho mbele yake.

Kwa hiyo, katika kundi hili la kwanza, kosa ni la mtafsiri anayesimama kwenye 'kwenda kwa kasi' na kuacha kuulizia zaidi. Neno lipo. Ni lazima litafutwe katika kumbukumbu ya lugha, hata pale kamusi ya mfukoni isipolitaja.

2. Maneno yaliyozaliwa na sauti

Kundi la pili ni la maneno ambayo sauti ndiyo mama yao: 'whiz', 'swish', 'whoosh', 'zip', 'zoom', 'vroom'. Haya hayakuanza kwa kutaja mwendo. Yalianza kwa kuiga kile sikio lilichosikia wakati kitu kinapita.

'Whiz' ndilo la zamani kati yake. Limekuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 16, kwa mvumo mkali wa kitu kinachopasua hewa. 'Swish' limeonekana katika karne ya 18, kwa sauti ya fimbo au ya nguo. 'Whoosh' na 'zip' ni ya karne ya 19. 'Zoom' limeingia mwishoni mwa karne hiyo, na mwanzoni lilikuwa sauti ya mvumo tu, kama wa nyuki.

Historia ya 'zoom' inaonyesha vizuri safari ya maneno haya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia marubani walilichukua kutaja kupandisha ndege ghafla kuelekea juu. Baadaye wapiga picha walilichukua kwa lenzi inayovuta kitu cha mbali kije karibu, ingawa lenzi hiyo haina mvumo wowote. Leo ni jina la programu ya mikutano ya mtandaoni, ambako hakuna anayesafiri wala kinachovuma. Sauti imezaa mwendo, mwendo umezaa ukaribu, na sauti ya mwanzo imesahauliwa.

'Zip' limetembea vilevile. Mwaka 1923 kampuni ya Marekani B. F. Goodrich iliuza viatu vya mpira vyenye kifungio cha meno, ikaviita Zipper, kwa sababu kifungio hicho kilifungwa kwa haraka na kwa mlio wake. Jina likahama kutoka kwenye kiatu hadi kwenye kifungio, likavuka bahari, na sisi leo tunasema 'zipu ya suruali imeharibika' bila kujua kwamba tunaiga mlio. Mwaka 1963 posta ya Marekani ilizipa namba zake za maeneo jina la ZIP. Herufi hizo ni kifupi cha maneno matatu, lakini zilichaguliwa ili zimkumbushe mtu barua inayokwenda mbio. Mwaka 1989 Phil Katz alitoa muundo wa faili zilizobanwa, nao ukaitwa ZIP kwa wazo hilohilo la kasi.

Kwa sarufi, jambo la kuangalia ni kwamba neno moja hufanya kazi tatu bila kubadilika sana:

(2) a. Whoosh! The door flew open.
b. The door opened with a whoosh.
c. The train whooshed past.

Katika (2a) ni kihisishi, katika (2b) ni nomino, na katika (2c) ni kitenzi chenye wakati uliopita. Kiingereza kinaingiza sauti katika kitenzi kwa urahisi mkubwa, na huu ndio mlango ambao mwanafunzi hauoni.

3. Herufi zinazosikika kama kasi

Kwa nini 'zip' ni fupi na 'zoom' ni ndefu? Yatamke kwa sauti. 'Zip' huisha kwa midomo kufungwa ghafla, na pumzi inakatika. Neno hilo linafaa kwa kitu kinachopita na kwisha mara moja. 'Zoom' lina irabu ndefu na huisha kwa 'm', ambayo unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe. Linafaa kwa kitu ambacho mvumo wake unabaki masikioni. Mwanzo wa maneno nao una kazi. 'Z' hutetemesha koo, ikatukumbusha injini na wadudu. 'S' na 'sh' hazitetemeshi, zikatukumbusha hewa, maji na kitambaa. Ndiyo maana pikipiki yenye nguvu haiwezi ku-'swish', wala pazia haliwezi ku-'zoom'.

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliyachunguza makundi ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1930, akavipa vipande hivyo vya sauti jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kuliandika 'fonestemu'. Mfano unaojulikana ni maneno yanayoishia kwa '-ash': 'crash', 'smash', 'splash', 'clash', 'dash'. Karibu yote yana pigo au mgongano ndani yake.

Lakini tusivutwe kupita kiasi. 'Ash' ni majivu na 'cash' ni fedha taslimu, na hakuna pigo lolote hapo. Ferdinand de Saussure, ambaye mafundisho yake yalichapishwa mwaka 1916, alikwisha kuonya kwamba maneno ya kuiga sauti ni machache, na kwamba hata hayo hufuata desturi za lugha yenyewe. Sikio la Mwingereza na la Mswahili husikia pikipiki ileile, lakini Mwingereza huandika 'vroom', nasi tumeipa mashine yenyewe jina la mlio wake: pikipiki. Jirani zetu wanaosema Lingala huiita tukutuku. Mlio ni mmoja, na kila lugha imeukata kwa kisu chake.

4. Kanuni: sauti lazima izaliwe na mwendo

Tumefika kwenye kiini cha sentensi (1). 'Roar' si neno la kasi. Ni neno la sauti, sawa na 'rumble', 'clatter', 'whistle', 'screech' na 'thunder'. Beth Levin, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya makundi ya vitenzi vya Kiingereza, ameviweka vitenzi kama hivi katika kundi la vitenzi vya kutoa sauti. Sasa tazama:

(3) The lorry rumbled on the bridge.
(4) The lorry rumbled across the bridge.

Kitenzi ni kilekile. Katika (3) lori linatoa mngurumo likiwa darajani, na huenda limesimama. Katika (4) limevuka daraja. Kilichobadilika ni neno dogo tu: 'on' limekuwa 'across'. Mwendo wote wa sentensi (4) umebebwa na neno hilo dogo la mwelekeo, na kitenzi kimebaki kueleza namna. Ni vivyo hivyo kwa 'past' katika sentensi (1). Mwenzetu wa kundi la kwanza alilitafsiri kama kwamba ni 'in front of', na pikipiki ikasimama.

Leonard Talmy alieleza tofauti hii mwaka 1985. Lugha kama Kiingereza huweka njia ya mwendo nje ya kitenzi, katika maneno kama 'out', 'past', 'down', 'across', zikakiacha kitenzi huru kutaja namna. Lugha kama Kihispania na Kifaransa huweka njia ndani ya kitenzi chenyewe, na namna huongezwa pembeni. Mwanafunzi wa Kongo anazijua zote mbili. Mwingereza husema 'he ran across the street', Mfaransa husema 'il traversa la rue en courant', nasi twasema 'alivuka barabara akikimbia'. Katika jambo hili Kiswahili kinasimama upande wa Kifaransa: kuingia, kutoka, kupita, kupanda, kushuka na kuvuka ni vitenzi vilivyobeba njia yao tumboni.

Dan Slobin na wenzake walilipima jambo hili kwa kuwapa watoto na watu wazima wa lugha mbalimbali kitabu cha picha kisicho na maneno, kile cha Mercer Mayer cha mwaka 1969 juu ya mvulana na chura wake aliyepotea, wakawaomba wasimulie. Wasemaji wa Kiingereza walitumia vitenzi vya namna ya mwendo vya aina nyingi kuliko wasemaji wa Kihispania. Hadithi ilikuwa moja, lakini kila lugha ilimsukuma msimulizi wake kuangalia upande fulani.

Hata hivyo Kiingereza nacho kina mpaka. Si kila sauti inayoweza kugeuka mwendo. Tazama sentensi hizi. Nyota inaonyesha ile ambayo wenye lugha kwa kawaida huikataa:

(5) The arrow whistled past his ear.
(6) She swished out of the room.
(7) *The dog barked out of the room.
(8) *The motorbike hooted down the road.

Mshale unavuma kwa sababu unapaa. Vazi la mwanamke linasikika kwa sababu anatembea. Lakini mbwa habweki kwa sababu anatoka, na pikipiki haipigi honi kwa sababu inakwenda. Hata ikisimama inaweza kupiga. Kanuni ni hii: kitenzi cha sauti huruhusiwa kuwa kitenzi cha mwendo pale ambapo sauti hiyo imezaliwa na mwendo wenyewe.

Kanuni hii ina mantiki. Sauti ya kitu kinachokwenda hubeba habari za mwendo wake. Christian Doppler alieleza mwaka 1842 kwamba mawimbi hubanana mbele ya kitu kinachosogea na kutawanyika nyuma yake. Ndiyo maana mlio wa pikipiki huwa mwembamba inapotujia na kushuka ghafla mara inapotupita. Aliyeketi ndani ya nyumba akisikia mlio huo, hahitaji dirisha kujua kwamba chombo kimepita. Sikio limeona mwendo. Kiingereza kimeufanya ujuzi huo wa sikio kuwa sarufi.

5. Vyombo vya Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili kina njia nne za kuunganisha mwendo na sauti.

Ya kwanza ni kiambishi -ki-. Kitenzi kikuu hutaja njia, na kitenzi chenye -ki- hutaja sauti inayokwenda pamoja nayo: 'ilipita ikinguruma', 'lilivuka likitetemesha ardhi', 'ulipita ukivuma'. Njia hii haina mpaka ule wa Kiingereza. Sauti yoyote yaweza kufungamana na mwendo wowote: mbwa alitoka akibweka, mama aliingia akiimba, motari alipita akipiga honi. Hapa Kiswahili ndicho chenye uhuru mkubwa zaidi, na mwanafunzi anayerudi kwenye Kiingereza lazima ajihadhari. Asiandike (7) wala (8). Aseme 'the dog ran out barking', maana '-ing' ndiyo inayokaribia -ki- yetu. Akiandika 'he barked out' atakuwa amesema jambo jingine kabisa: mtu ametoa maneno kwa sauti ya ukali, kama askari anayetoa amri.

Ya pili ni 'kwa' pamoja na nomino ya sauti: kwa kishindo, kwa mngurumo, kwa mvumo. Njia hii ni nzito kidogo, lakini inafaa katika ripoti na habari za gazeti.

Ya tatu ni kauli ya kutendea, ambayo hukiongezea kitenzi cha namna mahali pa kuelekea: kimbia, kimbilia; ruka, rukia. 'Alikimbilia ndani' ni karibu sana na 'he ran inside'. Lakini tusitegemee kauli hii kwa vitenzi vya sauti. 'Simba alimngurumia' maana yake ni kwamba simba alitoa sauti kumwelekea mtu. Simba mwenyewe hakusogea.

Ya nne ndiyo tunayoidharau: tanakali za sauti. C. M. Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliyapa maneno haya nafasi yake katika sarufi mwaka 1935, akaonyesha kwamba ni aina ya maneno inayojitegemea, yenye uwezo wa kuchora kwa sauti tendo, hali, rangi, hata harufu. Kiswahili kinazo: alianguka pu, alitumbukia majini chubwi, amelala fofofo, ametulia tuli. Kwa kasi, kila mtu anazo za kwao. Mtu wa mjini kwetu akisimulia alivyonusurika barabarani, husema: 'Ile moto ilipita vuuu!', na vuuu hiyo huvutwa kwa kadiri ya mbio za chombo, mkono nao ukikata hewa. Hakuna aliyemfundisha. Mwanafunzi huyohuyo akikaa kwenye mtihani huandika 'ilipita kwa kasi kubwa sana', kwa sababu anaamini kwamba vuuu ni neno la watoto.

Hapa ndipo utetezi wa mwenzetu unapoanguka. Alikuwa na neno. Hakuliona kuwa neno.

Tunakubali kwamba tanakali haziwi vitenzi kwa urahisi kama 'whoosh' inavyokuwa. Zinasimama baada ya kitenzi, nazo hazichukui wakati wala nafsi. Lakini kusimama pembeni si umaskini. Katika Kiingereza sauti imeingia ndani ya kitenzi ikafungwa na kanuni tuliyoiona. Katika Kiswahili imebaki nje, na kwa hiyo inaweza kuitwa popote.

6. Maswali manne ya mtafsiri

Kutokana na hayo tunapendekeza maswali manne kwa mwanafunzi anayekutana na sentensi ya aina hii.

Swali la kwanza: je, pana neno la mwelekeo? Kama lipo, lenyewe ndilo litakalokuwa kitenzi kikuu cha Kiswahili. 'Across' litakuwa kuvuka, 'past' kupita, 'out' kutoka, 'down' kushuka au kuteremka. Kama halipo, kitenzi cha sauti kibaki sauti tu.

Swali la pili: sauti ni ya nini? Katika sentensi (6) Mwingereza amemfanya mwanamke mwenyewe kuwa mtoa sauti. Kwa Kiswahili ni afadhali kumpa vazi kazi hiyo: 'Alitoka chumbani, gauni lake likisikika kila hatua.'

Swali la tatu: mwendo huu ni wa aina gani? Mzito au mwepesi, mfupi au mrefu, wa hofu au wa haja? Hapo ndipo tunachagua kati ya kuchomoka, kukurupuka, kufyatuka na kuchanja mbuga.

Swali la nne: andiko ni la namna gani? Hadithi ya watoto inaikaribisha vuuu. Taarifa ya ajali haiikaribishi, kama vile taarifa ya Kiingereza isivyokaribisha 'whoosh'.

Kwa kufuata maswali hayo, sentensi (4) itakuwa 'Lori lilivuka daraja kwa mngurumo mzito', au 'likinguruma'. Sentensi (5) itakuwa 'Mshale ulimpita karibu na sikio ukivuma', au katika masimulizi, 'Mshale ulimpita vuu, karibu na sikio.' Na 'The bus screeched to a halt', ambayo ina kilio cha matairi na kusimama ghafla, itakuwa 'Basi lilisimama ghafla, matairi yakilia.' Neno 'to' ndilo lililotuonyesha mwisho wa mwendo.

Mtu aweza kuuliza kama hayo yote si anasa ya darasani. Si anasa. Baadhi ya wanaomaliza katika kitivo kama chetu hufanya kazi ya ukalimani na tafsiri katika mashirika na ofisi ambako taarifa hutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi. Chukua shahidi wa ajali aliyesema 'the lorry rumbled across the bridge'. Mtafsiri akiandika 'lori lilinguruma darajani', msomaji atafikiri lori lilikuwa limesimama. Aliyegonga na aliyegongwa watabadilishana nafasi kwa sababu ya neno moja dogo ambalo mtafsiri aliliona si kitu.

7. Hitimisho

Tulianza na mwenzetu aliyesema kwamba Kiswahili ni lugha maskini. Tumeona kwamba vitenzi vya kasi vipo, na vingine vina picha zilezile za mpasuko na mfyatuko kama vya Kiingereza. Tumeona pia kwamba Kiingereza hugeuza sauti kuwa mwendo kwa msaada wa neno la mwelekeo, tena pale tu sauti ilipozaliwa na mwendo. Kiswahili hutenganisha mambo hayo mawili, kisha huyaunganisha kwa -ki-, kwa 'kwa', au kwa tanakali.

Kinachotupungukia ni orodha. Tanakali za Lubumbashi si zote zinazojulikana Bukavu, na za Bunia si zote zinazojulikana Kalemie. Nyingi hazimo katika kamusi tunazozitumia. Tunawaomba walimu wetu walifikirie jambo hili kama mada ya kazi za mwisho wa masomo. Nanyi wenzetu wanafunzi, kazi inaweza kuanza leo jioni bila fedha wala mashine. Simama kando ya barabara kubwa na daftari, umsikilize yeyote anayemsimulia mwenzake kilichopita sasa hivi, uandike sauti aliyoitoa, kilichokuwa kinapita, na kitenzi alichokitanguliza.